Muangalie Juu, Bamayo

Ukiambiwa na mpiga picha za mifupa, "Mama, tazama juu hadi pale unapoweza," basi tazama juu. Hilo ndilo neno nililotaka kukuachia, na kama ningekuwa bado na haya zangu za zamani ningeishia hapo hapo. Lakini haya ndizo zilizonifikisha nilipo, kwa hiyo leo naziweka kando.

Mimi ni muuza chisense, visamaki vidogo vya ziwa Mweru tunavyovianika juani. Kabla ya vita nilifundisha darasa la pili upande wa Kongo. Sasa naishi katika makazi ya wakimbizi, wilaya ya Nchelenge upande wa Zambia, nina shamba la mihogo na ulimi ambao majirani wanausema. Mume wangu alishafariki. Nina mtoto mmoja, Odeti, aliyeolewa na Mzambia wa hapa hapa. Jina lake Mwape, na kazi yake ni katika chumba cha eksirei hospitalini. Sisi wa Kongo picha hiyo tunaiita radio.

Nilianguka mwezi wa kumi, joto likiwa limekaza kabla ya mvua. Nilikuwa Kashikishi, ufukweni, napandisha gunia la mihogo mikavu kwenye boti ya kaka yangu Ngoy, ambaye huvusha bidhaa kwenda ng'ambo. Ubao ulikuwa umelowa. Mguu uliteleza, lakini gunia lilikataa kuniacha, likanisindikiza kichwani mpaka chini. Watu walicheka, nami nikacheka pia, kwa sababu mwanamke wa soko hawezi kulia mbele ya wavuvi. Jioni shingo ilikuwa nzito na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vinawasha kama vimeguswa na upupu.

Nilikaa wiki tatu nikijikanda kwa maji ya moto. Kisha nikaenda kliniki ya Kafutuma, nikakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wenye watoto wa homa, kila mmoja na daftari lake la shule mapajani, maana hapa daftari ndilo kadi yako ya hospitali. Nesi alinigusa shingo, akaandika katika daftari langu, akanieleza vizuri kwamba ni lazima nipigwe picha hospitali kubwa. Picha tatu: shingo imenyooka, shingo imeinama, shingo imetazama juu. Ndivyo wanavyopima mifupa ya shingo inavyosogea. Alisema nisibebe kitu chochote kichwani kwanza. Nilimwitikia, na nilipofika nyumbani nikabeba ndoo ya maji.

Sasa nikueleze kuhusu mkwe wangu, la sivyo hutaelewa upumbavu wangu. Kwetu, na kwa Wabemba, watu wa Mwape, vile vile, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Hamli pamoja, hamgusani, na mkiongea kila mtu anaongea na ardhi. Mwiko huo una mwisho wake. Wabemba wana siku ya kumpikia mkwe na kumwingiza ndani rasmi, wanaiita ukwingishya, na baada ya hapo mnaweza kuishi kama watu. Wazazi wa Mwape walikuwa wameuliza mara mbili siku hiyo itakuwa lini. Mimi nilikuwa napiga chenga. Nilikuwa nimemtaka Odeti apate mume wa kwetu, anayejua tulikotoka, na kumweka Mwape nje ya mlango ilikuwa njia yangu ya kumwonyesha bila kusema. Miaka minne mtu yule alikuwa anachuchumaa mbali na nyumba yangu akileta samaki, na mimi nikijisifu kwamba nina mkwe mwenye heshima.

Siku ya picha nilifika asubuhi, nikangoja kwenye ukumbi wenye ukuta wa kijani mpaka jua lilipokuwa utosini. Nilikuwa nimejiambia labda siku ile yuko mwingine zamu. Hakukuwa na mwingine. Mlango ulifunguliwa, nikasikia sauti ya Mwape ikiita jina langu lote.

Chumba kilikuwa kidogo. Mimi nilisimamishwa ubavu kwenye bamba, na kibanda chake chenye kioo kilikuwa mbele yangu kabisa. Hakunigusa. Alimwita mama mmoja anayefagia korido aje anipange mabega. Picha ya kwanza ilipita. Ya pili, ya kuinama, nilifanya vizuri sana, maana kuinama mbele ya Mwape nilikuwa nimezoea.

"Bamayo," alisema kutoka nyuma ya kioo, kwa Kiswahili chake cha sokoni na adabu zake za Kibemba, ambako Bamayo ni mama wa kuheshimiwa, "muangalie juu. Mpaka pale munaweza."

Ningeinua kidevu, macho yangu yangefika kwenye kioo kwanza, na nyuma ya kioo ulikuwa uso wake. Halafu koo langu lote lingekuwa wazi mbele ya mume wa mwanangu. Niliinua kidogo tu, kiasi cha mtu anayetafuta kitu kwenye rafu ya chini, nikafunga macho.

"Njo mwisho, Bamayo?"

"Njo mwisho," nikasema, ndio mwisho.

Haukuwa mwisho. Shingo haikuuma pale, ilikuwa tayari kuendelea. Mashine ilichelewa kidogo, kisha ikalia, akasema natotela, asante, nami nikatoka nikiwa nimefurahi kwamba nimejiheshimu.

Daktari aliziweka picha mbele ya taa, akachora mistari kwa rula na penseli, akapima kila mfupa umesogea kiasi gani toka picha moja kwenda nyingine. Akasema shingo imekakamaa lakini mifupa imekaa mahali pake. Akanipa vidonge na mazoezi ya kugeuza kichwa. Alifanya kazi yake sawasawa juu ya kitu nilichompa.

Mwezi wa kumi na mbili ziwa likafungwa kwa uvuvi, kama kila mwaka, na katika miezi ile mitatu ya mvua mwili wangu ulianza kunikimbia. Kwanza vikombe. Nilivunja viwili, nikasema ni mafuta mikononi. Halafu vifungo vya blauzi vikanishinda. Halafu kalamu: nilitaka kuandika orodha ya vitu vya shambani na herufi zikatoka kama za mtoto wa darasa langu la zamani. Mwisho miguu ikaanza kukanyaga chini kama natembea kwenye matope hata pale palipokuwa pakavu. Na kila asubuhi nilikuwa nafanya yale mazoezi, mwalimu mtiifu, nikigeuza kichwa huku na huku, nikijiumiza zaidi bila kujua.

Odeti alikuja kunisaidia kuoga. Si jambo dogo kuogeshwa na mtoto uliyemzaa. Yeye alilifanya liwe jepesi kwa ugomvi.

"Mama, geuka. Hapana vile! Weye unageuka kama gari ya zamani."

"Na weye unasugua kama unaosha sufuria."

"Sufuria hailalamikake."

Tulicheka, na baadaye nilimsikia akilia nyuma ya nyumba.

Ziwa lilipofunguliwa mwezi wa tatu, Ngoy alinipeleka Mansa, kwenye hospitali ya mkoa. Huko aliyenipiga picha alikuwa mwanamke nisiyemjua, anatafuna karanga. Aliposema nitazame juu nilitazama juu, mpaka nikaona buibui kwenye dari. Niliinua kichwa kwa urahisi hata mwenyewe nikashtuka. Mikono yote miwili ikapigwa kama na umeme, na yule mwanamke akapiga kelele nirudi chini taratibu.

Daktari wa Mansa aliweka picha zangu za zamani na mpya pamoja. Alituonyesha mfupa mmoja wa shingo: ninapotazama juu unateleza nyuma na kubana uti wa mgongo. Katika picha ya zamani ulikuwa umetulia, kwa sababu kichwa hakikufika huko.

"Mama," aliniuliza, "picha hii ya mwezi wa kumi na moja, shingo imesimama kama mti. Hii ya leo inafunguka kabisa. Nini kilitokea siku ile? Ulikuwa na maumivu?"

Ngoy alikuwa amekaa kando yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema maneno matano tu na daktari angetikisa kichwa, labda angecheka.

"Labda yule aliyenipiga alikuwa na haraka," nikasema.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama kwa muda mrefu. Sikuipanga. Ilitoka kama mtu anavyoinua mkono kujikinga. Lakini ilipotoka niliiacha itembee.

Ngoy si mtu wa kuacha jambo. Alikuwa amenibeba kwenye lori kutoka Nchelenge, ameona mikono yangu inavyodondosha vitu, na alihitaji mtu wa kumkasirikia. Tuliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Odeti, akamchukua na mtoto wake mchanga, akawaleta kwangu.

"Dada, sikia," alisema amesimama uani. "Huyu Mwape alikuangalia kama muzigo tu. Radio ya namna gani haionyeshe mufupa yenye kuteleza? Sababu eko Muzambia na sisi tuko bakimbizi, alifikiri hakuna mutu atauliza. Bibi yake hatarudi kule mpaka bakubwa ya hospitali bamujibishe."

Odeti alinitazama mimi, si mjomba wake.

"Mama, sema basi. Weye njo ulikuwa mule ndani, hapana noko Ngoy. Alifanya haraka kweli?"

"Shingo inaniuma," nikasema. "Mniache nilale."

Ikaja barua. Ngoy alitaka barua ya malalamiko kwa wakubwa wa hospitali, na nani mwalimu katika familia? Kalamu sikuweza kushika, kwa hiyo yeye aliandika na mimi nikamtamkia. Nilitamka vizuri. Niliweka neno "uzembe" mahali pake. Alipokosea nilimsahihisha, nikamwambia aya mpya ianze wapi. Nimefanya mabaya mengine maishani, nimeuza hata chisense yenye mchanga, lakini hakuna linaloniamsha kama kukumbuka jinsi nilivyoridhika barua ilipokamilika.

Mwape aliondolewa kwenye chumba cha eksirei mpaka jambo lichunguzwe, akapelekwa stoo ya mafaili. Kwenye kikao cha familia mbili alikaa mwishoni mwa mkeka. Wazazi wake walimwuliza, Ngoy akamwuliza kwa kelele. Alisema tu, "Njeleleniko, mnisamehe." Ngoy akapiga makofi: mnaona, amekubali! Nilikuwa nimekaa na kola ya sponji shingoni, natazama ukuta, na kila mtu alinihurumia.

Wiki mbili baadaye jirani alileta kikombe cha bati kutoka kwa Mwape. Kilikuwa na masikio mawili, la pili alilichomelesha kwa fundi, ili nishike kwa mikono yote miwili. Odeti alikuwa amemwambia kwa simu kwamba navunja vikombe. Sikutaka kukitumia, lakini kilikuwa kikombe pekee nilichoweza kushika. Nilinywea uji humo kila asubuhi, miezi mitatu.

Safari ya Lusaka, ya kupasuliwa shingo, ilipatikana mwezi wa sita, baridi imeingia. Wodini kitanda cha pili alikuwepo mama kutoka Mongu. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Alinilisha uji kwa kijiko na kunipangusa mdomo, na akiona nalia aliimba kitu chake taratibu, kisha akaendelea na kijiko. Wewe unayekwenda kulazwa, ujue kwamba watu kama huyo wapo.

Siku moja kabla ya kupasuliwa, Ngoy alipiga simu, watu wa kanisa wakiwa wamekusanyika nyumbani kwangu. Waliniombea. Ngoy aliomba mikono ya madaktari iongozwe. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo si kawaida yake, akaomba Mungu amsamehe Mwape kwa uzembe wake, kama sisi tunavyomsamehe.

"Amina," wakasema.

Wakaningoja mimi. Nilikuwa naogopa kufa, naogopa kuamka bila miguu, na bado nilichoogopa zaidi ni Ngoy kujua.

"Amina," nikasema.

Niliamka na koo kavu na vyuma shingoni. Siku ya tatu niliweza kufunga kifungo kimoja. Siku ya nane nilitembea mpaka dirishani nikishikwa. Daktari aliniambia mfupa hautateleza tena, lakini shingo haitainama wala kutazama juu kama zamani. Ikitaka kutazama kitu, mwili wote utageuka nayo. Nililia kwa shukrani, na katikati ya shukrani nikamwona Mwape kwenye stoo yake, na kilio kikabadilika.

Nilirudi mwezi wa nane. Kabla sijafungua mizigo nilimwambia Ngoy na Odeti wanipeleke hospitali. Walidhani ni kidonda. Niliomba kumwona mkubwa aliyepokea barua yetu, na niliomba Mwape aitwe.

Mkubwa yule alikuwa mtu mzima wa huku huku mkoani Luapula, amevaa sweta. Mwape aliingia, akaona nipo, akachuchumaa karibu na mlango na kutazama sakafu.

"Barua ile niliitunga mimi," nilisema. "Ni uongo. Siku ya picha huyu aliniambia nitazame juu mpaka nilipoweza. Aliniuliza kama ndio mwisho. Nikasema ndio, na haukuwa mwisho. Nilikataa kuinua uso."

"Kwa nini, mama?" mkubwa aliuliza.

"Kwa sababu ni mkwe wangu."

Aliweka kalamu chini. Ngoy aliinuka, akatoka nje. Nilimsikia kwenye ngazi akimfokea mtu asiyekuwepo. Odeti hakusogea.

"Nilijua, Bamayo," Mwape alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikageuka mwili mzima kumwelekea.

"Nilikuwa kwa kioo. Niliona munafunga macho. Nilijua shingo iko na njia ingine. Nilipashwa kusema muinue tena. Nilipashwa kutoka, kuita mutu mwingine. Lakini mi nitasemesha mamafyala yangu, mama wa bibi yangu, mara mbili, 'inua uso'? Nikapata haya. Nikapiga vile vile."

"Na kwenye kikao? Mbona hukusema?"

"Nitasimama mbele ya batu, niseme Bamayo alidanganya?"

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ningependa ingekuwepo.

Mwape amerudi kwenye chumba chake. Mimi na wazazi wake tulifanya ukwingishya mwezi wa tisa. Nilisimamia vyungu vyote nikiwa nimekaa kwenye kiti, tukamwingiza ndani, akala kuku mbele yangu. Ngoy alimwomba radhi, kwa kelele kama anavyofanya kila kitu. Sasa namtazama mkwe wangu usoni. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo miaka minne sikuwahi kuliona. Mikono yangu inashika kalamu tena, ingawa mistari inapanda, na ninakuandikia wewe uliyeandikiwa picha ya shingo katika daftari lako. Ukimkuta ndani ya chumba mtu unayemwonea haya, sema. Sema mapema, waite mwingine. Hakuna atakayekushangaa kama utakavyojishangaa wewe baadaye.

Mvua zimeanza. Odeti amerudi kwa mumewe na anakuja kwangu kila Jumamosi. Anapika, anafua, ananisugua mgongo polepole. Hagombani nami tena. Wiki iliyopita nilimwambia kwa makusudi kwamba mboga yake haina chumvi, nikingoja anijibu.

"Ndiyo, mama. Nitaongeza."

"Odeti, nitukane basi. Nilikutoa kwa bwana yako miezi mitano."

"Hapana, mama. Mukule, chakula kitapoa."

Alipiga magoti, akanipa sahani kwa mikono miwili, uso ameuinamisha chini kabisa, kama mtu anayemhudumia mkwe wake. Nilitaka kuona macho yake. Lakini shingo yangu haiinami tena, na nilipomaliza kutafuta mahali pa kuweka sahani ili nijishushe mwili mzima, alikuwa ameshasimama na kwenda kuosha vyombo.